Mchanga Katikati ya Tope

Mashine ile ilifungwa juu ya paa la Bibi Ubao Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa sita mchana Bibi alikuwa ameshatambua kwamba inapumua kama marehemu mumewe.

Haikuwa kubwa. Sanduku la bati lenye miguu mitatu, waya mmoja ulioingia dirishani mpaka kwenye soketi ya jikoni, na juu kabisa kofia iliyofunika karatasi nyeupe ya duara. Kazi yake ilikuwa kuvuta hewa tu. Hewa ya mji inavutwa, inapita kwenye karatasi, uchafu unabaki. Lakini kila baada ya muda pampu ilisita, ikakoroma, halafu ikavuta tena kwa pupa kama mtu aliyeopolewa majini. Hivyo hivyo ndivyo Fundi Shaba alivyopumua mwaka wake wa mwisho, amelala chali chini ya paa lilelile.

"Hiyo haiwezi kunyamaza kidogo?" Bibi aliuliza.

"Ikinyamaza, bibi, ujue imekufa," alijibu Mpimaji huku akicheka, wala hakujua amesema nini.

Mpimaji alikuwa binti wa maabara ya chuo, mwenye viatu vya mpira hadi magotini na penseli aliyoichomeka kwenye nywele na kuisahau humo. Aliichagua nyumba ile kwa sababu ilikuwa ya mwisho mtaani. Mbele yake barabara ya malori, nyuma yake mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi na kuacha tope jeusi la kufika upeo wa macho. Yeye alitaka vyote viwili, hewa na tope.

Na kwa tope, hakuna aliyelijua kumpita Bibi. Jina la Ubao hakulipata bure. Kwa miaka arobaini alichimba kombe, wale wa maganda mawili wanaofumba kama mtu aliyenuna. Tope lile halikanyagwi, ukilikanyaga linakushika magoti na kukuuliza unakwenda wapi. Kwa hiyo wachimbaji hupiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma nyuma, na ubao unateleza. Mjukuu wake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko, alipenda kuwaambia wageni kwamba bibi yake ana gari lisilokunywa mafuta.

Ni Chiriku aliyetoa siri kwamba Bibi hulainika kwa vitendawili kuliko kwa zawadi. Basi Mpimaji, alipomaliza kufunga mashine, akaketi kwenye ngazi na kujaribu bahati yake.

"Kitendawili, bibi."

"Tega."

"Nina kitabu changu, ukurasa wa kwanza uko chini kabisa, na kila mwaka unaongezwa mwingine juu yake."

Bibi alifikiri, akauma midomo. "Rundo la vyombo ambavyo Chiriku hajaviosha."

"Bibi!" Chiriku alipiga kelele kutoka ndani. "Unaniaibisha mbele za watu!"

"Nipe mji basi," akasema Mpimaji, na alipokwisha kupewa mji akafumbua: "Ni tope. Kila mwaka mto unaleta tabaka jipya, jembamba kama kidole, na moshi wa mji mzima unashuka na kulala ndani yake. Masizi na kemikali zake hazipotei. Nikizamisha bomba langu nikalichomoa, nina miaka hamsini mkononi. Nasikia mlikuwa na gharika hapa, zamani?"

"Miaka thelathini na moja iliyopita," akasema Bibi.

"Ndiyo hiyo. Lazima iliacha mchanga. Mchanga ule ndio alama yangu. Cheusi kilicho chini yake ni cha kabla ya gharika, kilicho juu yake ni cha baadaye."

Bibi alitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanga.

Mwaka wa gharika, mto ulishuka na mchanga mweupe na kuutandaza topeni kama mtu atandikaye shuka. Maji yalipopungua, maghala yote ya ukingoni yalikuwa yamelowa, na nyaya za umeme zikatupwa nje kwa marobota. Hapo ndipo mumewe alipopata kazi. Alizirundika nyaya, akaweka matairi chini yake, akawasha. Plastiki inaungua, shaba inabaki. Moshi wake ulikuwa mzito, mweusi, wenye utamu fulani unaong'ang'ania kooni. Kila mchana Bibi, wakati huo mama kijana mwenye kiuno chepesi, alimpelekea chakula, mtoto mgongoni. Waliketi karibu na moto kwa sababu upepo wa mtoni una baridi. Mtoto yule, kitinda mimba wao, walimwita Kijino, maana jino lake la kwanza lilikaa peke yake miezi mitatu likisubiri wenzake.

Moto uliwaka miaka mitatu. Mwaka wa tatu Kijino akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kidogo, cha adabu, kama cha mtu anayebisha hodi. Alikufa kabla hajatimiza minne.

Tangu siku ile mzee hakuwasha moto tena. Alishona viatu. Shaba ikaondoka, jina la Fundi Shaba likabaki, na swali likabaki pia. "Mama Kijino," angesema ghafla, sindano ikiwa nusu ndani ya soli, "ni mimi?" Naye angejibu, "Si wewe. Mji huu una moshi tangu sisi hatujazaliwa." Mtaani walikuwa na jibu lao, na walilisema bila kufungua kinywa: alipoketi kwenye benchi, wao walikumbuka wana shughuli. Bibi alishikilia lake. Alimjibu hivyo miaka ishirini na miwili, mpaka pumzi yake ya mwisho, na ilikuwa sasa mwaka wa sita tangu amzike.

Na leo anakuja binti mwenye penseli kichwani kusema tope limeandika. Kama moshi umelala chini ya mchanga, ulikuwepo kabla ya moto wa mzee, na Bibi hakumdanganya. Kama unaanzia juu ya mchanga, basi alimdanganya, akajidanganya na yeye mwenyewe.

"Shida yangu ni moja," Mpimaji alikuwa akisema. "Nataka mahali ambapo hapajachimbwa. Jembe likipita tu, kurasa zimechanganyika."

"Napajua," akasema Bibi.

Na kweli alipajua. Katika mlango mzima wa mto palibaki mahali pamoja tu, katikati ya nguzo za gati kuukuu, ambako ubao haupenyi. Lakini siku ya pili, maji yalipokupwa, alimpeleka Mpimaji upande mwingine kabisa, kwenye bonde la katikati ambalo yeye na wenzake walikuwa wameligeuzageuza msimu baada ya msimu. Tope lina hila yake: unalichimba leo, maji yanaingia na kutoka mara mbili, na uso wake unakuwa laini kama wa mtu asiyewahi kulia. Aliyechimba pekee ndiye anayejua.

Mpimaji alizamisha bomba lake la plastiki angavu, akalikandamiza kwa uzito wa mwili, akaliziba juu, akalichomoa. Alifurahi kama mtu aliyevua papa. Bibi alitazama mbali.

Siku ya tatu, saa ya mchana maji yakiwa mbali, Fundi Shaba akaja.

Bibi alikuwa jikoni akikuna nazi. Kwanza ilikuja harufu, ule utamu wa kooni. Alidhani ni upepo. Halafu akainua macho na kumwona ameketi kwenye kigoda cha mlango wa nyuma, amempa mgongo, mikono juu ya magoti, ncha za vidole nyeusi. Juu ya paa mashine ilivuta pumzi, ikasita, ikakoroma. Mabega yake yakapanda na kushuka pamoja nayo.

Bibi hakupiga kelele. Mtu uliyelala naye miaka mingi hivyo huwezi kumpigia kelele. Aliendelea kukuna nazi, ingawa ilikuwa imekwisha na meno ya mbuzi yalikwangua kifuu kitupu.

"Mama Kijino," akasema yule wa mlangoni, bila kugeuka. "Ni mimi?"

Kwa mara ya kwanza Bibi hakupata jibu. Alipoinuka kufuata maji ya kunywa na kurudi, kigoda kilikuwa kitupu, na juu yake hakuna hata vumbi.

Akaja tena kesho yake. Na keshokutwa. Alikuja mchana tu, saa ya chakula. Saa ile ile Chiriku alikuwa akijifunga mtoto wake wa miezi saba mgongoni, akibeba bakuli, akienda ukingoni kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Mrefu, na kazi yake ilikuwa ile ile: nyaya, matairi, moto. Yeye na wenzake watano walikuwa wakichoma kwa mwaka wa tano sasa, hatua chache kutoka pale alipochomea mzee. Bibi, ambaye alizoea kumwita mjukuu wake "mke mwenzangu" na Mrefu "bwana wetu", alikuwa na utani wa kila namna kuhusu masizi ya bwana wetu. Lakini neno moja hakulisema. Hakusema, "Usimpeleke mtoto kule." Kulisema hilo kulikuwa ni kumjibu mzee kwamba ndiyo, ni yeye.

"Mke mwenzangu, nenda salama," ndiyo aliyoyasema. "Mwambie bwana wetu zamu ya kumwogesha ni yako, mimi nimechoka kusugua."

"Wewe ndiye bi mkubwa, bibi, msugue mwenyewe," Chiriku akajibu, na kicheko chake kikamfuata njiani pamoja na kichwa kidogo cha mtoto kilichokuwa kikicheza mgongoni.

Mlangoni, kigoda kilikuwa na mtu. Safari hii hakuuliza. Alikuwa akimtazama Chiriku anavyokwenda.

Baada ya wiki mbili Mpimaji alirudi, mabega chini. Aliketi kwenye ngazi na kuvua kiatu kimoja.

"Bibi, tope langu limeharibika. Nilipolikata maabara, nilikuta kipande cha karatasi ya biskuti, tarehe ya mwaka huu, chini kabisa. Limekorogwa kama uji. Mchanga uko kila mahali." Alivua kiatu cha pili. "Kosa ni langu. Wewe umenionyesha kwa wema wako, mimi ndiye niliyepaswa kuangalia. Na wiki ijayo mashine zangu zinahamia kwingine."

Wema wako. Neno hilo lilimchoma Bibi kuliko angetukanwa.

Mpimaji alipanda paani kubadilisha karatasi, akashuka na ile ambayo mwenzake wa chuo aliiweka jana, ameishika kwa koleo ndogo. Ilikuwa nyeusi, kwa weusi wa sufuria ya kuni.

"Hiyo ni ya wiki zote mbili?" akauliza Bibi.

"Ya siku moja."

"Siku moja tu?"

"Ndiyo hewa ya hapa, bibi. Jumapili, malori yanapopumzika, inapungua kidogo tu. Kwa hiyo si malori peke yake."

Wakati huo Chiriku alirudi kutoka ukingoni, bakuli tupu kichwani, akieleza kutoka mbali habari za mtu aliyeteleza topeni na suruali yake ikabaki. Mtoto mgongoni aliamka. Akakunja uso, akakohoa mara mbili. Kikohozi kikavu, kidogo, cha adabu.

Bibi alisimama. Sufuria aliyokuwa akiisugua ilimtoka mkononi, ikaviringika hadi mlangoni na kusimama kwenye miguu ya kigoda. Hakukitazama kigoda. Alijua kina mtu.

"Binti yangu," akamwambia Mpimaji, "kosa si lako. Nilikupeleka palipochimbwa. Kwa makusudi. Tope lile nimelichimba mimi mwenyewe kwa mikono hii."

Chiriku alilishusha bakuli kutoka kichwani.

"Kwa nini, bibi?" akauliza Mpimaji. Hakukasirika, alishangaa tu.

Basi Bibi akaeleza yote: gharika, nyaya, bakuli la mchana, Kijino. Alieleza akiwa amesimama, macho makavu, kama mtu anayetoa taarifa kituoni. "Kila alipouliza nilimwambia si yeye. Sasa wewe unataka kuniletea jibu kwenye bomba. Niliogopa. Mpaka sasa naogopa. Lakini huyu," akamwonyesha mtoto kwa kidevu, "anakohoa kama Kijino wangu. Kesho maji yakikupwa njoo mapema. Nitakupeleka penyewe."

Kesho yake waliuacha ubao kwenye gati kuukuu, wakapita katikati ya nguzo kwa kushikilia, tope limewafika mapajani. Mpimaji aliangalia huku na huku. Palikuwa kimya. Hata kaa wa pale walionekana kutembea kwa vidole. Upande wa pili wa ukingo moshi wa kina Mrefu ulikuwa umesimama wima, halafu ulikunjika na kuja taratibu juu ya vichwa vyao.

Bomba lilizama polepole sana. Lilipotoka, Mpimaji alilifuta kwa kitambaa na kuliinua kwenye mwanga, na hapo Bibi akauona.

Chini kidogo ya kiwiko, kama mkono wa mtu ungekuwa ndani ya bomba, palikuwa na ukanda mweupe. Kidole kimoja na nusu. Safi, umenyooka, haujaguswa na mtu. Mchanga ule. Mwaka ule. Bibi aliweka kiganja chake juu ya plastiki, na kupitia plastiki akahisi ubaridi wake. Juu yake tu, upana wa vidole vitatu au vinne, ilikuwemo miaka yote aliyoishi Kijino.

"Kweusi juu na kweusi chini," akasema Bibi kwa tumaini. "Tazama. Hata chini ya mchanga ni kweusi."

"Bibi, usiiamini rangi," Mpimaji akasema kwa upole. "Tope ni jeusi lenyewe, hata pasipo aliyewasha njiti. Jibu liko maabara."

Miezi mitatu ilipita. Mashine ilikuwa imeshushwa paani wiki moja baada ya siku ile ya gati, ikapakiwa garini na kwenda zake. Bibi alidhani pumzi ile itakwenda nayo. Haikwenda. Mchana, pakiwa kimya, aliisikia juu ya kitanda kitupu, ikivuta, ikisita. Mzee aliendelea kuja na kukaa. Hakuuliza tena. Wote wawili walikuwa wakingoja barua moja.

Chiriku naye aliendelea kwenda ukingoni. Bibi alimwomba amwachie mtoto. Siku nyingine alimwachia, siku nyingine alisema, "Bibi, baba yake anataka kumwona. Tusubiri tope liseme, wewe mwenyewe umesema unasubiri." Na kinywa cha Bibi kilifungwa kwa kamba yake mwenyewe.

Mpimaji hakuleta barua, alikuja mwenyewe. Alitandika karatasi juu ya meza ya jikoni, akazikandamiza pembe zake kwa kopo la chumvi, kikombe na vidole. Juu yake palikuwa na mstari mmoja unaopanda na kushuka kama njia ya mlevi.

"Kila kinachoungua kina alama yake, hata kikishapoa miaka mingi," akaanza. "Kuni ina yake, dizeli yake, plastiki ya nyaya na matairi yake. Kemikali zenyewe zina jina refu, sitakusumbua nalo."

"Lisiwe refu kuliko ugonjwa wenyewe," akasema Bibi. "Sema, binti."

"Hapa ni mchanga." Kidole chake kilikaa juu ya karatasi. "Chini yake mstari umelala. Kuna moshi kidogo, wa kuni, wa meli, wa magari ya wakati ule. Hapa, juu ya mchanga tu..."

"Sema."

"Unasimama. Mara saba ya ule wa chini. Nyaya na matairi. Vidole vitatu, yaani kama miaka mitatu, halafu unashuka. Na hapa juu kabisa, miaka hii mitano, unapanda tena, alama ileile. Nayo ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi za paani kwako."

Maji yalikuwa yakichemka jikoni. Hakuna aliyeyatoa.

"Na tope linasema moshi huo ndio uliomuua?" akauliza Bibi.

"Hapana, bibi. Hilo haliwezi kusema, wala mimi siwezi. Kifua cha mtoto hakikulala topeni. Linasema moshi ulikuwepo, ulikuwa mwingi, na ulitoka pale. Basi."

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole. Alinyoosha karatasi kwa kiganja, kama mtu anayenyoosha nguo ya mtoto. "Inanitosha," akasema. "Ahsante, mwanangu. Umekuja mwenyewe, hukutuma karatasi."

Mpimaji alipoondoka ilikuwa saa ya chakula. Chiriku alikuwa ameshafunga bakuli kwa kitambaa na kumbeba mtoto, mguu mmoja nje. Kwenye kigoda, mgongo ule, mabega yale.

Bibi alikwenda akasimama nyuma yake.

"Baba Kijino," akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu chai iko tayari. "Ni wewe."

Chiriku aligeuka. Aliona kigoda, akamwona bibi yake, na hakuona kingine.

"Ni wewe, na mimi. Wewe uliwasha, mimi nikambeba nikamleta. Kila siku, mgongoni, nikaketi naye upande wa moto kwa sababu nilihofia baridi. Nilikuambia si wewe kwa sababu ningekubali wewe, ningejikubali na mimi. Nisamehe. Ulikuwa unauliza kwa haki, na mimi nilikufungia mlango miaka yote hiyo."

Mtu yule aligeuka. Bibi alitarajia uso wa mgonjwa aliyemzika. Lakini ulikuwa uso wa kijana wa mwaka wa gharika, masizi mpaka kwenye kope, mashavu yamejaa, na macho yaliyokuwa yakimtazama yalikuwa ya mtu aliyepewa mzigo alioujua uzito wake tangu zamani. Hakutoweka kama moshi, hakupaa. Alisogea tu kwenye ukingo wa kigoda, kama anayempa mwenzake nafasi.

"Bibi," Chiriku akanong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na babu yako. Nipe mtoto."

Chiriku alifungua fundo la kanga kifuani. Mtoto akapita kutoka mgongo mmoja hadi mikononi mwa Bibi, akakohoa, akamshika pua.

"Hapana, mshike wewe," Bibi akabadili mawazo, akamrudisha kifuani pa mama yake. "Kaa naye ndani, funga dirisha la mtoni. Chakula cha bwana wetu nakipeleka mimi leo."

Alichukua bakuli, na ukutani akachukua kisu chake cha kombe, kifupi, chenye makali upande mmoja.

Mrefu alimwona akija na kuinuka, jasho na masizi vimemchora mistari usoni. "Bi mkubwa mwenyewe! Leo nimekosa nini?"

"Hujakosa bado. Kula kwanza."

Alipokuwa akila, Bibi alimweleza. Hakumzungushia. Alimwambia la Kijino, la mchanga, la mstari uliosimama mara mbili, na mara ya pili ni yeye. Mrefu aliacha kutafuna katikati. Wenzake watano, kila mmoja na moto wake, walikuwa wakisikiliza huku wakijifanya hawasikii.

"Bibi," akasema mwishowe, "nakuelewa. Naapa nakuelewa. Lakini shaba haitoki kwa kuombwa."

"Inatoka kwa kisu."

"Kumenya? Nyaya zote hizi?" Alicheka kicheko kifupi, kisichokuwa na furaha, akaonyesha rundo lililompita urefu. "Kwa mwendo huo tutamaliza mtoto akiwa anaolewa."

"Ndicho ninachokitaka," akasema Bibi. "Aolewe."

Mrefu alitazama bakuli, akatazama nyumba ya mwisho mtaani, dirisha lake la mtoni lililokuwa limefungwa mchana huo wa joto. Halafu akachukua ndoo ya maji ya mto na kuimwaga juu ya moto wake. Mvuke mchafu ukainuka, ukawameza wote wawili, na ndani yake Bibi alimwona mtu wa tatu, kijana, ameshika fimbo ya kugeuzia nyaya, akiitazama fimbo hiyo kana kwamba hajui alianza lini kuishika.

"Leo tu," Mrefu akasema. "Kesho sijui, bibi. Sitaki kukudanganya."

"Usinidanganye. Nimeshachoka na uongo. Lete hilo robota."

Waliliburuta rundo hadi upande upepo unakotoka, mbali na mioto mingine mitano iliyokuwa bado inawaka. Bibi aliketi chini, akaweka waya juu ya goti, akapitisha kisu kwa urefu wake jinsi anavyofumbua kombe, mara moja, bila kulazimisha. Ganda jeusi likapasuka. Ndani shaba ilikuwa safi, nyekundu, haijaguswa na moto.

"Mh," akasema Mrefu, akichuchumaa kando yake. "Hebu nionyeshe tena. Taratibu."